Mbu wa mikorosho

Mbu wa mikorosho ni jina la wadudu wa jenasi *Helopeltis*, familia Miridae. Si mbu kamwe. Mbu halisi yumo pamoja na nzi katika oda ya Diptera na ana mabawa mawili. Huyu ana manne, ni wa oda ya Hemiptera, na miongoni mwa jamaa zake ni kunguni wa kitandani. Wakulima wa kusini mwa Tanzania walimwita mbu kwa miguu yake mirefu na mdomo wake wa kuchomea, na kwa umbo tu hawakukosea.

Miridae ina zaidi ya spishi 11,000, wengi wao wafyonza mimea. Karibu wote hawana yale macho madogo ya utosini, na bawa la mbele lina kipande cha pembetatu kabla ya utando wa nchani. Alama hizo zinamtenga mbu wa mikorosho na kunguni wa minazi, *Pseudotheraptus wayi* wa familia Coreidae, ambaye naye hushambulia mikorosho. Watu huwachanganya wawili hawa mno, ingawa wa pili ana macho hayo, na utando wa bawa lake umejaa mishipa.

Mtazame mbu wa mikorosho kwa lenzi: katikati ya mgongo umesimama mwiba wenye kifundo nchani, mfano wa pini ya mshonaji. Kwa sababu yake Mfaransa Victor Antoine Signoret, alipoanzisha jenasi hii mwaka 1858, aliunganisha maneno ya Kigiriki ya msumari na ngao.

Mwaka 1968 mtaalamu wa wadudu Schmitz aliziweka spishi za Afrika katika nusujenasi *Afropeltis*, wakiwemo *H. anacardii* na *H. schoutedeni* wa mikorosho yetu. *H. antonii*, anayeharibu mikorosho ya India, na *H. theivora* wa michai wako upande wa Asia. Rangi isitegemewe, maana hubadilika hata ndani ya spishi moja; wataalamu hukagua viungo vya uzazi vya dume.

Jike huchomeka yai ndani ya chipukizi laini, nje zikabaki nyuzi mbili tu, moja ndefu kuliko mwenzake. Tunutu akianguliwa hana msumari. Huota akishaambua ngozi mara ya kwanza.