Kutoka Bern hadi Kampala: Makongamano ya Madaktari wa Ubongo

Mwaka 1931 madaktari wa ubongo na mishipa ya fahamu walikutana Bern, Uswisi, katika kongamano lao la kwanza la kimataifa. Harvey Cushing, daktari wa upasuaji kutoka Marekani, aliwaeleza matokeo ya kazi yake juu ya uvimbe wa ubongo kwa wagonjwa zaidi ya 2,000. Kwa daktari kijana aliyekuwa ukumbini, hiyo ilikuwa shule ambayo hospitali yake isingeweza kumpa. Tarehe 22 Julai 1957, mjini Brussels, likaundwa Shirikisho la Dunia la Neurolojia, na Ludo van Bogaert wa Ubelgiji akawa rais wake wa kwanza.

Wagonjwa wa Afrika hawakuwa na wa kuwasemea katika kumbi hizo. Karibu na miaka hiyohiyo, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alifika Mahenge, Tanganyika, akakuta wenye kifafa wametengwa. Mate ya mgonjwa yalidhaniwa kuambukiza, kwa hiyo aliyeangukia motoni aliweza kuungua vibaya watu wakiogopa kumgusa. Akafungua kliniki na kuanza kuwatibu kwa fenobabitoni. Miongoni mwao aliona watoto ambao kichwa kiliinama na kuinuka, kikainama tena, kama wanaosinzia mchana kweupe. Aliyaandika hayo mapema miaka ya 1960, ila kwa miongo kadhaa wataalamu wachache tu ndio waliojishughulisha nayo.

Naamini umbali ulichangia ukimya huo. Jambo linaloonekana kijijini huwa elimu ya wote pale wenzako wanapolihoji na kulilinganisha na ya kwao, na kikao cha kufanyia hayo kilikuwa safari ya meli au ndege ambayo ni wachache walioimudu. Ndiyo maana mwaka 1972 una uzito: mjini Nairobi ilizaliwa Jumuiya ya Afrika Nzima ya Sayansi za Neva, na miaka kumi baadaye daktari wa upasuaji Renato Ruberti akaanzisha jarida la fani hiyo mjini humo. Kongamano la dunia lenyewe lilikanyaga ardhi ya Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2011, huko Marrakesh.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa Kampala. Kaskazini mwa Uganda, katika wilaya kama Kitgum na Pader, mamia ya watoto walikuwa wakiinamisha vichwa kama wale wa Mahenge, wengine mara tu chakula kinapowekwa mbele yao. Wataalamu waliokutana huko mwaka 2012 walikubaliana vigezo vya kuutambua ugonjwa huo, ili daktari wa Mahenge, wa Sudan Kusini na wa Uganda wawe wanahesabu kitu kimoja. Kwangu, hicho ndicho kikao chenye thamani kuliko vyote nilivyovitaja.

Mwaka huohuo William Howlett, aliyefundisha Hospitali ya KCMC, Moshi, alitoa kitabu cha neurolojia kwa Afrika kinachosomwa bure. Na mwaka 2021 kongamano la Rome liliendeshwa mtandaoni kwa sababu ya UVIKO-19, bila viza wala tiketi. Lakini kumpima mgonjwa hakufundishwi kwenye skrini. Kwa kazi hiyo shirikisho limetambua vituo vya mafunzo Rabat, Cairo, Dakar na Cape Town. Afrika Mashariki bado inastahili cha kwake.