Kabla ya Madina Kulikuwa na Habasha

Juzi kwa kinyozi hapa Tuala, jamaa mmoja alimwambia fundi, "Nyinyi Waislamu dini yenu ni ya Pwani, huku Umasaini mmekuja tu juzi na maduka." Kinyozi akacheka, akaendelea na mashine. Mimi sikucheka, lakini pia sikusema kitu, na hiyo ndiyo imenikera hadi nikashika simu niandike. Wadau, haya ndiyo ningesema.

Mwaka 615, miaka saba kabla ya Hijra ya Madina, Waislamu wa kwanza walikuwa wanateswa Makka. Mtume Muhammad akawaambia waende Habasha, kwa mfalme ambaye kwake hadhulumiwi mtu. Wakavuka Bahari ya Shamu. Na sio watu wa kandokando hawa. Kundi la kwanza lilikuwa na Ruqayya, binti wa Mtume mwenyewe, na mumewe Uthman bin Affan, ambaye baadaye alikuwa khalifa wa tatu. Kisha akaja Ja'far bin Abi Talib, binamu wa Mtume na kakake mkubwa Ali, pamoja na mkewe Asma bint Umays. Jumla walipita 80. Yaani kabla msikiti wa Madina haujajengwa, watu wa nyumba ya Mtume walikuwa wanalala Afrika, chini ya ulinzi wa mfalme Mkristo.

Kisa cha Najashi wengi mnakijua. Makureshi walimtuma Amr bin al-As na zawadi za ngozi ili watu warudishwe, Ja'far akasoma sehemu ya Sura Maryam, mfalme akalia, wajumbe wakarudi na zawadi zao. Sitakaa hapo. Anayenivutia mimi ni Asma.

Huyu mama alikaa Habasha zaidi ya miaka 10. Alizaa wana watatu huko: Abdullah, Muhammad na Awn. Wakarudi mwaka 628, wakati wa vita vya Khaybar. Siku moja alikuwa kwa Hafsa, mke wa Mtume, Umar babake Hafsa akaingia na kuuliza huyu ni nani. Kuambiwa ni Asma, akasema: ndiye yule Mhabeshi? Yule wa baharini? Halafu akamwambia sisi tumewatangulia kwa Hijra, kwa hivyo tuna haki zaidi kwa Mtume.

Asma hakunyamaza kama mimi kwa kinyozi. Alikasirika, akamjibu kwamba nyinyi mlikuwa na Mtume, akiwalisha wenye njaa na kuwafunza wasiojua, sisi tulikuwa nchi ya mbali kwa hofu na shida. Akaapa hali wala hanywi mpaka amfikishie Mtume maneno hayo, bila kuongeza chumvi. Jibu likatoka: Umar na wenzake wana Hijra moja, nyinyi watu wa jahazi mnazo mbili. Hii imo katika Sahihi Bukhari, si stori ya WhatsApp. Waliotoka Habasha wakawa wanamjia makundi makundi awarudilie. Nawaelewa kabisa.

Ja'far aliuawa vitani Mu'ta mwaka 629. Asma akaolewa na Abu Bakr, kisha Ali. Na Abdullah, yule mtoto wa Habasha, akamuoa Zaynab bint Ali, mjukuu wa Mtume, Zaynab yule yule wa Karbala. Kitovu cha mumewe kilizikwa upande wetu wa bahari.

Sisemi Habasha ni Kajiado. Uislamu wa huku ulipitia Pwani, misafara na baadaye reli, hapo jamaa ana nusu ya ukweli. Lakini kama kuja kutoka mbali ni kosa, hata wazee wa Kimaasai husimulia kwamba walishuka kutoka kaskazini.

Ijumaa narudi kunyoa. Nikimkuta tena, nitamuuliza kama anamjua Asma.