Usajili, Usimamizi na Safari ya Mhandisi Mwanamke: Hoja kutoka Lodwar na Kakuma

Ikisiri

Makala haya yanahoji mazoea ya kupima maendeleo ya wanawake katika uhandisi kwa kumtazama aliyefika kileleni. Kwa kurejelea Uingereza, Nigeria, Uganda na Tanzania, na kwa kuichunguza Kaunti ya Turkana nchini Kenya, makala yanaonyesha kwamba uongozi wa mwanamke katika taasisi ya kitaifa ya wahandisi hutegemea sana yale yanayompata kati ya kuhitimu na kusajiliwa. Lodwar na Kakuma zina kazi tele za kihandisi, lakini hazina usimamizi wa kumwezesha mhitimu kuzitumia kazi hizo kama ushahidi wa umahiri wake. Makala yanapendekeza namna ya kuupeleka usimamizi huo Turkana.

1.0 Utangulizi

Mwanamke anapochaguliwa kuongoza chama cha wahandisi wa nchi nzima, husemwa kwamba njia imefunguka. Furaha hiyo ni halali. Hata hivyo, kwa msichana anayesoma fizikia katika shule ya upili mjini Lodwar, au binti wa wakimbizi aliyezaliwa katika kambi ya Kakuma, kufunguka kwa njia ni jambo linalohitaji kuthibitishwa. Anayetaka kuwaongoza wahandisi sharti kwanza awe mhandisi aliyesajiliwa, na anayetaka kusajiliwa sharti afanye kazi kwa miaka kadhaa chini ya uangalizi wa mhandisi aliyemtangulia. Ninashikilia kwamba safari ya uongozi huamuliwa zaidi katika miaka hiyo kuliko siku ya kura, na kwamba hapo ndipo Turkana inapopungukiwa.

2.0 Kutoka mwanachama wa kwanza hadi rais wa kwanza

Taasisi ya Wahandisi wa Ujenzi ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1818. Mwanamke wa kwanza kupokewa kuwa mwanachama wake, Dorothy Buchanan, aliingia mwaka 1927, naye alikuwa miongoni mwa walioshughulikia usanifu wa Daraja la Bandari ya Sydney. Rais wa kwanza mwanamke, Jean Venables, alishika wadhifa mwaka 2008. Baina ya wanawake hao wawili ilipita miaka 81. Katika kipindi chote hicho hapakuwa na kanuni ya kumzuia mwanamke asiwe mwanachama, na bado kiti cha rais hakikumfikia yeyote.

Nigeria inatoa picha inayokaribiana na hiyo. Chama cha Wahandisi cha nchi hiyo kiliundwa mwaka 1958, na Margaret Oguntala akawa rais wake wa kwanza mwanamke mwaka 2024, yaani baada ya miaka 66. Kabla yake walikuwapo waliotayarisha uwanja, akiwemo Joanna Maduka, aliyekuwa rais wa kwanza wa jumuiya ya wahandisi wanawake wa Nigeria.

Karibu nasi zaidi yupo Dorothy Okello wa Uganda, mwanamke wa kwanza kuwa rais wa Taasisi ya Wahandisi Wataalamu ya Uganda. Okello alisomea uhandisi wa umeme Makerere, akaendelea na masomo katika Chuo Kikuu cha Kansas, kisha akapata uzamivu McGill nchini Kanada. Mwaka 2000 alikuwa mstari wa mbele kuanzisha WOUGNET, mtandao wa kuwawezesha wanawake wa Uganda kutumia teknolojia ya habari na mawasiliano. Aidha, amefundisha wahandisi Makerere kwa miaka mingi. Sehemu kubwa ya safari hiyo ilifanyika ndani ya taasisi iliyokuwa na watu wa kumpokea, kumwelekeza na kuthibitisha kazi yake. Urais ulikuja juu ya msingi huo.

Mifano hii inaonyesha jambo moja. Wapiga kura wa taasisi ya wahandisi ni wanachama wake, na wagombea hutoka miongoni mwao. Wanawake wakiwa wachache katika daftari la waliosajiliwa, watakuwa wachache zaidi miongoni mwa wenye uzoefu wa kutosha kuomba uongozi.

3.0 Usajili nchini Kenya

Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 iliunda Bodi ya Wahandisi Kenya, ambayo Mhandisi Margaret Ogai amekuwa Msajili na Afisa Mkuu Mtendaji wake. Katika taifa ambalo wanawake ni wachache mno miongoni mwa wahandisi waliosajiliwa, kumwona mwanamke akilisimamia daftari lenyewe ni jambo zito. Ibara ya 27(8) ya Katiba ya 2010 nayo inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa.

Lakini Katiba haiwezi kumtengenezea mtu uzoefu. Mwenye shahada huandikwa kwanza kuwa mhandisi mhitimu. Ili awe mhandisi mtaalamu, anahitaji uzoefu wa kazi uliothibitishwa, kufaulu tathmini ya Bodi, na kuwa mwanachama kamili wa Taasisi ya Wahandisi Kenya. Sharti la uzoefu linaonekana kuwa sawa kwa wote, ila linadhania kwamba popote penye kazi pana mhandisi mtaalamu wa kuikagua na kuitilia sahihi. Dhana hiyo ina nguvu Nairobi. Ukishateremka kutoka Kitale kuelekea Lodwar, inadhoofika.

4.0 Turkana: kazi bila msimamizi

Turkana haijawahi kukosa kazi za kihandisi. Bwawa la Turkwel, mpakani mwa Turkana na Pokot Magharibi, lenye ukuta wa mita 153 na mtambo wa megawati 106, lilikamilika mwaka 1991. Umeme wake ulipelekwa Lessos kuingia gridi ya taifa, huku Lodwar, mji uliopo kando ya mto huohuo wa Turkwel, ukiendelea kwa miaka mingi kutegemea jenereta za dizeli. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba hazina kubwa ya maji imegunduliwa chini ya ardhi ya Lotikipi. Maji yalipopimwa baadaye, yakakutwa na chumvi nyingi. Barabara kutoka Lodwar kupitia Kakuma hadi Lokichoggio imejengwa upya. Kambi ya Kakuma, iliyoanza mwaka 1992, pamoja na makazi ya Kalobeyei, zina zaidi ya watu 200,000 wanaotegemea visima, pampu, matangi na mabomba katika nchi ambayo laga ya Tarach hukauka sehemu kubwa ya mwaka na kufurika ghafla mvua inaponyesha.

Miradi ya namna hii mara nyingi husanifiwa kwingine na kusimamiwa na wataalamu wanaokuja kwa mkataba, kisha wakaondoka. Mhitimu wa Turkana hupata kibarua cha miezi michache, na mradi unapokwisha, anayeweza kushuhudia kazi yake ameshahamia kwingine. Mwanamke huumia zaidi, kwa kuwa shauri la kumfuata msimamizi hadi Nairobi au Mombasa humkuta katika umri wa kuanza familia.

Wapo wanaolitupa jambo hili katika kapu la utamaduni, kwamba jamii ya wafugaji haioni ujenzi kuwa kazi ya mwanamke. Ushahidi unawapinga. Kwa Waturkana, mwanamke ndiye mjenzi wa makazi ya familia: husimamisha fito na kuezeka kwa makuti ya mkoma. Sidai kwamba ujuzi huo ni sawa na shahada ya uhandisi. Ninachosema ni kwamba binti wa Turkana haanzi na wazo kuwa ujenzi ni mali ya wanaume.

Kwa binti mkimbizi wa Kakuma kuna kizuizi kingine. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inampa haki ya kufanya kazi ya taaluma iwapo sifa zake zinatambuliwa na mamlaka husika nchini Kenya. Katika uhandisi mamlaka hiyo ni Bodi. Haki yake basi ina thamani kulingana na utayari wa Bodi kuzipima sifa zake na kumwekea utaratibu wa kudumu.

5.0 Norwei mara mbili

Tofauti kati ya kugharimia mtambo na kugharimia usimamizi inaonekana katika miradi miwili ya Norwei. Mapema miaka ya 1980, Norwei iligharimia kiwanda cha kugandisha samaki Kalokol, kwenye ufuo wa Ziwa Turkana. Kiwanda kilihitaji umeme na maji safi kwa kiwango ambacho eneo halikuweza kukidhi kwa bei nafuu, na mitambo ya kugandisha haikudumu kazini. Kisha Ghuba ya Ferguson, iliyokuwa chanzo kikuu cha samaki, ikakauka. Lilibaki jengo.

Nchini Tanzania, Bodi ya Usajili wa Wahandisi ilianzisha mwaka 2003 mpango wa mafunzo kwa vitendo kwa wahandisi wahitimu, na Norwei ikaja kugharimia ushiriki wa wanawake. Mhitimu aliwekwa mahali pa kazi chini ya mhandisi mwangalizi mpaka afikie kiwango cha kusajiliwa. Taasisi ya Wahandisi Tanzania nayo imeongozwa na mwanamke, Dkt. Gemma Modu. Sidai kwamba mpango huo ndio uliomfikisha hapo. Faida kubwa ya mpango ni kwamba watakaomfuata watakuwa wengi. Mfadhili ni yuleyule, lakini fedha za Kalokol ziliwekwa katika mtambo usio na wenyeji wa kuuhoji, na za Tanzania katika watu wanaoweza kuihoji mitambo yote ijayo.

6.0 Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni kwamba kuwahurumia wahitimu wa maeneo kame kutashusha viwango. Ninachotaka ni kinyume chake: mhitimu wa Lodwar apimwe kwa kipimo kilekile, ila kipimo kimfikie. Pampu iliyosanifiwa vibaya Kakuma huua kama ile iliyosanifiwa vibaya Kisumu.

La pili ni kwamba kiongozi mwanamke peke yake anatosha kuwa kielelezo. Kielelezo huamsha nia, na nia ni kitu kikubwa. Lakini nia haiwezi kujaza ripoti ya uzoefu wala kuitilia sahihi. Msichana aliyehamasishwa kisha akakosa msimamizi hubeba uchungu mara mbili.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Mambo matatu yanawezekana bila kusubiri sheria mpya. Kwanza, kila mkataba mkubwa wa maji, barabara au umeme Turkana uwe na nafasi za wahandisi wahitimu wa kaunti, wanawake wakitengewa sehemu yao, na jina la mhandisi mtaalamu atakayewasimamia. Pili, Bodi na Taasisi ya Wahandisi Kenya zifanye usaili na tathmini Lodwar, na kuwatambua wasimamizi wanaoweza kuwaongoza wahitimu kadhaa kwa zamu. Tatu, Bodi itangaze utaratibu wa wazi wa kutathmini sifa za wakimbizi, ili haki iliyotolewa na Sheria ya 2021 itekelezeke.

Mwanamke anayeshika uongozi wa taasisi ya kitaifa ana nafasi ya kuyasukuma haya. Rekodi yake ipimwe kwa idadi ya wanawake walioingia katika daftari la waliosajiliwa wakati wake, na kwa umbali kutoka Nairobi wa mahali walikopata uzoefu wao.