Kandanda na Kiti cha Ubunge Ufukweni mwa Nam Lolwe

Mwanariadha wa Kenya anayefika bungeni kwa kawaida hutoka nyanda za juu za Bonde la Ufa, wala si pwani ya Ziwa Victoria. Jambo hilo linashangaza ukilitazama kutoka Kisumu. Hakuna sehemu ya Kenya ambako mchezo na siasa vimeshikamana kama katika miji na vijiji vya ziwa ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe. Huko kandanda imejenga majina, imekusanya umati na imewapa wagombea jukwaa kwa zaidi ya miaka 60. Ila waliovuna kura walikuwa wasimamizi wa klabu, walezi wake na wenyeviti wa shirikisho. Mchezaji mwenyewe alibaki kiwanjani.

Mpira uliingia kwa njia mbili. Reli kutoka Mombasa ilifika ukingo wa ziwa Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence kabla ya kujulikana kama Kisumu, ikaleta mafundi, makarani na makuli walioishi kwenye nyumba za kampuni na kucheza kwenye viwanja vya kampuni. Njia ya pili ilikuwa shule. Maseno, iliyoanzishwa na wamishonari wa Kianglikana mwaka 1906, ililea vijana waliojifunza hesabu, Biblia na mpira kwa pamoja. Carey Francis, aliyeiongoza shule hiyo kuanzia 1928 hadi 1940, aliuchukua mchezo kama sehemu ya malezi. Walimu, makarani na wanasiasa wa kwanza wa Nyanza ya Kati walitoka katika madarasa hayo. Mmoja wao alikuwa Oginga Odinga, aliyesoma Maseno, Alliance na Makerere, kisha akarudi kufundisha.

Siasa za ziwa zilipata mwili kabla ya vyama, kupitia Luo Union. Umoja huo uliwaunganisha Wajaluo waliotawanyika mijini Afrika Mashariki nzima, ukazika wafu wao, ukasomesha watoto wao na kukusanya michango. Odinga alikuwa Ker, yaani kiongozi mkuu wa umoja, katika miaka ya 1950, hadi alipochaguliwa mwaka 1957 kuiwakilisha Nyanza ya Kati katika Baraza la Kutunga Sheria. Alama ya enzi hiyo ingali imesimama Kisumu: ukumbi wa Ofafa, uliopewa jina la Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi aliyeuawa mwaka 1953. Fedha za kuujenga zilitoka mifukoni mwa wanachama. Aliyeweza kuwachangisha watu wajenge ukumbi aliweza pia kuwachangisha kura, na somo hilo halikusahaulika.

Umoja huo ulikuwa na timu ya mpira, na timu ilikuwa nzuri. Luo Union ilitwaa ubingwa wa ligi ya taifa mwaka 1964, mwaka mmoja baada ya ligi hiyo kuanza. Tarehe 17 Februari 1968 ilichanganywa na Luo Stars kuunda klabu mpya, na masimulizi ya klabu yanamtaja waziri Tom Mboya miongoni mwa waliosukuma muungano huo. Klabu ilipewa jina la Gor Mahia, mganga mashuhuri wa Kanyamwa, katika eneo ambalo leo ni kaunti ya Homa Bay, ambaye wazee walisema aliweza kujigeuza umbo mbele ya adui. Mwaka huohuo wa kwanza Gor Mahia ilichukua ubingwa.

Kilichofuata kiliipa klabu uzito ambao pengine waanzilishi wake hawakuutarajia. Mboya aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Oktoba 25 mwaka huo Rais Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, ile ambayo wakazi bado huiita Russia. Palitokea makabiliano na umati, risasi zikafyatuliwa na watu wakafa. Siku chache baadaye chama cha Odinga, Kenya People's Union, kilipigwa marufuku na viongozi wake wakazuiliwa. Chama kikatoweka, mikutano ikahitaji kibali, lakini mechi ya mpira haikuhitaji. Jumapili uwanjani ndipo maelfu walipoweza kuimba kwa Kijaluo kwa sauti moja bila mtu kuwauliza ajenda yao. Si kutia chumvi kusema kwamba kwa miaka kadhaa K'Ogalo, kama mashabiki wanavyoiita, ilikuwa ndicho chama kilichobaki.

Serikali nayo iliyaona hayo. Baada ya Rais Moi kuvunja vyama vya kikabila mwaka 1980, klabu zililazimika kubadilisha majina. Abaluhya ikawa AFC Leopards. Luo Union, iliyokuwa imefufuliwa na kutwaa Kombe la Klabu Bingwa la Afrika Mashariki na Kati miaka ya 1976 na 1977, ikawa Reunion. Majina yalibadilika kwenye karatasi, na mashabiki wakaendelea kukaa upande uleule wa uwanja.

Basi mbona mchezaji hakuvuka kwenda bungeni? Jibu la kwanza ni mfuko wake. Kandanda ya Kenya ilikuwa ya ridhaa. Mchezaji alilipwa mshahara na mwajiri, awe Shirika la Reli, Kenya Breweries, idara ya posta au kiwanda cha pamba cha Kisumu, KICOMI, kilichokuwa na timu yake kama ilivyokuwa desturi ya viwanda vya wakati huo. Alipostaafu alibaki na kazi hiyo, kama ilikuwapo bado. Kampeni ya ubunge inataka magari, mafuta, fulana na fedha za kusaidia harambee, na aliyefunga mabao 20 kwa msimu hakuwa na hata kimoja cha hivyo.

Jibu la pili ni mpangilio wa klabu yenyewe. Mchezaji aliimbwa, lakini mwenyekiti ndiye aliyeshika kipaza sauti. Mwenyekiti alikuwa wakili, mfanyabiashara au afisa wa serikali, mtu aliyejua kuandika barua kwa wizara na kuongea na wafadhili. Jimboni, sifa hizo zilikuwa karibu sana na sifa za mbunge.

Mwaka 1987 unaonyesha pengo hilo waziwazi. Gor Mahia ilifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika, lililojulikana kama Kombe la Mandela, dhidi ya Espérance ya Tunis. Miaka minane kabla, fainali ya kombe hilohilo ilikuwa fedheha: Canon ya Yaoundé iliwafunga jumla ya mabao manane bila jibu. Safari hii walitoka sare ya 2-2 Tunis, kisha 1-1 Nairobi, wakatwaa kombe kwa mabao ya ugenini. Hadi leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyochukua taji la bara. Nahodha Austin Oduor, mshambuliaji Peter Dawo na beki Bobby Ogolla wakawa majina ya nyumbani kutoka Busia hadi Migori. Kwa kipimo chochote cha umaarufu, watu hao wangeshinda kiti mahali popote kando ya ziwa. Hakuna kati ya watatu hao aliyekaa bungeni.

Aliyekaa bungeni ni Joab Omino. Katika miaka ya 1980 Omino aliongoza Shirikisho la Kandanda la Kenya, kipindi ambacho mpira wa nchi ulikuwa juu: Gor Mahia ikitwaa kombe lake, timu ya taifa ikifika fainali ya Michezo ya Afrika Nairobi mwaka 1987 na kufungwa 1-0 na Misri, kisha ikifuzu kwa Kombe la Mataifa ya Afrika la 1988, mara ya kwanza tangu 1972. Katika uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992 alishinda Kisumu Mjini kwa tiketi ya FORD-Kenya, chama cha Jaramogi Oginga Odinga. Jimbo hilo ndilo lililokuwa la Dkt. Robert Ouko, waziri wa mambo ya nje, hadi alipouawa Februari 1990.

(Nyanza ilikuwa na Robert Ouko wawili, na wasomaji wa magazeti ya zamani huwachanganya. Mwingine alikuwa mkimbiaji kutoka upande wa Kisii, mmoja wa wanne walioipatia Kenya dhahabu ya mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne Munich mwaka 1972. Mkimbiaji hakuwa mbunge, na mbunge hakuwa mkimbiaji.)

Omino alikijua chombo cha bunge kama alivyokijua cha shirikisho. Mwaka 1997 Raila Odinga, mwana wa Jaramogi, alihamia chama cha NDP na eneo zima la ziwa likamfuata. Omino alirudi bungeni kupitia jimbo jipya la Kisumu Mjini Magharibi. NDP ilipoanza kushirikiana na KANU ya Moi, yeye ndiye aliyekuwa Naibu Spika, kuanzia 1998 hadi 2002. Kazi hiyo inafanana na ya refa kuliko ya mshambuliaji: kutoa nafasi ya kusema, kunyamazisha, kupima kanuni. Alichaguliwa tena mwaka 2002 na akafariki mwaka 2004 akiwa bado mbunge. Wengine walipita njia hiyohiyo ya shirikisho nje ya Nyanza. Kenneth Matiba aliongoza kandanda ya taifa katika miaka ya 1970 kabla ya kumshinda Julius Kiano huko Mbiri mwaka 1979. Peter Kenneth naye alitoka uenyekiti wa shirikisho hadi ubunge wa Gatanga mwaka 2002.

Nyanda za juu zilikwenda njia nyingine kabisa, na sababu yake ni marathoni. Mkimbiaji wa barabarani hana klabu inayomlipa wala mwenyekiti wa kumsemea. Anashinda Boston au Berlin, hundi inaandikwa kwa jina lake, na anarudi nyumbani kununua shamba, kujenga shule na kulipia karo watoto wa jirani. Miaka kumi baadaye ana kila kitu ambacho mchezaji wa Gor Mahia hakuwa nacho. Elijah Lagat alishinda Berlin mwaka 1997 kwa saa 2:07:41. Mwaka 2000 alishinda Boston katika mbio zilizoamuliwa kwa kifua: yeye na Gezahegne Abera wa Ethiopia waliandikiwa muda mmoja, 2:09:47, na Moses Tanui akafika sekunde tatu nyuma. Mwaka 2013 Lagat alichaguliwa mbunge wa Chesumei.

Wesley Korir alifika mwaka huohuo kwa namna ngumu zaidi. Alisomea Chuo Kikuu cha Louisville nchini Marekani, na mwaka 2008 alianza marathoni ya Chicago pamoja na wakimbiaji wa kawaida, nyuma ya kundi la wataalamu, akamaliza kwa muda uliompa nafasi ya nne. Alishinda Los Angeles mara mbili, 2009 na 2010, kisha Boston mwaka 2012, siku ya joto kali, kwa 2:12:40. Machi 2013 alisimama Cherangany kama mgombea huru na kumwangusha Joshua Kutuny aliyekuwa akikalia kiti. Wiki chache baada ya kuapishwa alikuwa tena Boston, akamaliza wa tano, siku ambayo mabomu yalilipuka karibu na mstari wa kumalizia. Bunge hilo la 11 ndilo lililopitisha sheria ya kupambana na dawa za kusisimua misuli mwaka 2016, huku Kenya ikitishiwa na shirika la dunia linalosimamia suala hilo. Mwaka 2017 Kutuny alirudi Cherangany na Korir akatoka.

Mchezaji wa kulipwa aliyejaribu bahati kwa wapiga kura wa ziwa hakufanya hivyo Kisumu. Alifanya Kibra, mtaa wa Nairobi wenye familia nyingi zilizotoka Nyanza. McDonald Mariga, Mkenya wa kwanza kucheza Ligi ya Mabingwa ya Ulaya na mmoja wa kikosi cha Inter Milan kilichotwaa kombe hilo mwaka 2010, alisimama kwa tiketi ya Jubilee katika uchaguzi mdogo wa tarehe 7 Novemba 2019, baada ya kifo cha mbunge Ken Okoth. Fedha alikuwa nazo, jina alikuwa nalo, na Rais alikuwa upande wake. Imran Okoth wa ODM alipata kura 24,636, Mariga 11,230. Watu wa Kibra walimpenda kama mchezaji na wakampigia kura mgombea wa Raila. Vitu hivyo viwili havikugongana kichwani mwao.

Katiba ya 2010 iligawa karata upya. Kisumu ilipata bunge lake la kaunti lenye wadi 35, na Jedwali la Nne la katiba hiyo likaziachia kaunti shughuli na viwanja vya michezo. Mwakilishi wa wadi sasa huulizwa habari za mpira, jezi na nyasi za uwanja kabla ya kuulizwa habari za sheria, na kombe la kata lenye jina la mheshimiwa limekuwa sehemu ya kawaida ya kampeni. Uwanja wa Jomo Kenyatta, Mamboleo, ulipokea sherehe za Madaraka mwaka 2021. Oktoba 18, 2025, ulijaa tena, wakati watu wa ziwa walipopanga foleni kuuaga mwili wa Raila Odinga, aliyejulikana kwa miaka mingi kama mlezi wa Gor Mahia, siku moja kabla ya kuzikwa Bondo.