Visikizi visivyo na waya: Ya kuzingatia kabla ya kununua vya runinga

Nyumba nyingi za mijini zina sebule moja na runinga moja, na katika sebule hiyo hukutana watu ambao masikio yao hayalingani. Mzee ambaye uwezo wake wa kusikia umepungua huongeza sauti ili aifuate taarifa ya habari ya saa moja usiku. Mjukuu anayejiandaa kwa mtihani hulalamika. Jirani wa upande wa pili naye hugonga ukuta. Visikizi visivyo na waya, au hedifoni kama wengi wanavyoviita, vinaweza kuumaliza mvutano huo, ila si kila aina itaumaliza. Baadhi huuanzisha upya.

Swali la kwanza basi si bei wala jina la kampuni. Ni hili: Je, atakayevivaa atatazama peke yake au pamoja na wenzake? Runinga nyingi huzima spika zake mara tu waya unapochomekwa katika tundu la hedifoni, na nyingi hufanya hivyo pia zinapounganishwa na visikizi vya Bluetooth. Kwa anayetazama kandanda usiku wa manane wengine wakiwa wamelala, hiyo ni faida. Kwa nyanya aliyeketi na jamaa zake, yeye atasikia na waliosalia watabaki kutazama picha bubu.

Panapohitajika sauti ya spika na ya visikizi kwa wakati mmoja, ni heri kutafuta visikizi vinavyouzwa pamoja na kirushaji, yaani kifaa kidogo kinachowekwa kando ya runinga ili kurusha sauti. Kirushaji hicho huunganishwa na yale matundu mawili ya sauti, jekundu na jeupe, yaliyo nyuma ya ving'amuzi vingi na runinga za zamani. Runinga nyembamba za siku hizi aghalabu hazina matundu hayo ya kutolea sauti. Badala yake huwa na tundu moja la mraba linalotoa sauti kwa njia ya mwanga. Kirushaji kikichomekwa humo kisitoe sauti yoyote, yafaa kufungua menyu ya runinga na kuchagua PCM katika mipangilio ya sauti kabla ya kulaumu muuzaji. Kasoro hii ndogo imewarudisha wengi dukani bure.

Sauti husafiri kwa njia tatu. Ya kwanza ni miale ya infraredi, sawa na ile ya rimoti. Haichelewi na haipenyi ukuta, kwa hivyo jirani hawezi kuinasa, lakini hukatika mtu akipita mbele ya kirushaji au msikilizaji akielekea jikoni. Ya pili ni mawimbi ya redio, ambayo hupenya kuta na kumfuata msikilizaji chumba hadi chumba. Hapa anayeletewa zawadi na jamaa aliye ng'ambo awe macho. Baadhi ya visikizi vilivyotengenezewa soko la Marekani hutumia masafa ya kati ya megahatsi 902 na 928, na sehemu ya masafa hayo nchini Kenya hutumiwa na simu za mkononi, mikwaruzo haitakosa. Isitoshe, umeme wa Marekani ni wa volti 120 ilhali wa Kenya ni wa volti 240, na chaja isiyoandikwa kwamba inahimili zote mbili itaungua siku ya kwanza. Visikizi vya redio vya kidijitali vinavyotumia gigahatsi 2.4 havina tatizo hilo la masafa.

Njia ya tatu, Bluetooth, ndiyo inayouzwa zaidi, na ndiyo inayowavunja moyo watazamaji wa runinga zaidi ya nyingine. Sauti hukunjwa kabla ya kurushwa na kukunjuliwa ikifika, na shughuli hiyo hula muda, aghalabu kati ya milisekunde 100 na 250. Katika pendekezo lake la mwaka 1998, Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU) ulieleza kwamba mtazamaji huanza kugundua kasoro sauti inapochelewa nyuma ya picha kwa takriban milisekunde 125. Wengi hushangaa kwa nini visikizi hivyo hivyo havina ila vikitumiwa na simu. Sababu ni kwamba simu huichelewesha picha kimakusudi ili iisubiri sauti. Runinga nyingi hazifanyi hivyo. Kuna mifumo ya kasi, mathalan aptX Low Latency, inayopunguza kuchelewa hadi karibu milisekunde 40, lakini lazima iwepo pande zote mbili, kwenye kinachorusha na kinachopokea. Ukiwa upande mmoja tu, pesa zimepotea.

Kwa wazee, visikizi vinavyofunika sikio zima ni bora kuliko vya kuchomeka ndani, hasa kwa anayevaa kifaa cha kusaidia kusikia. Vyenye kidude cha kurekebisha sauti ya kila sikio peke yake vina manufaa makubwa, kwa kuwa masikio hayazeeki sawasawa. Teknolojia ya kuzuia kelele za nje haina haja nyumbani. Mlango utabishwa na mtoto atalia pasipo kusikika.

Kuna jambo zito zaidi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki katika kiwango cha desibeli 80, na kufikia desibeli 90 muda huo hushuka hadi saa nne tu. Watoto wawekewe kikomo cha desibeli 75. Anayelazimika kuongeza sauti mwezi baada ya mwezi anahitaji kupimwa masikio kabla ya kununuliwa chochote. Wakati mwingine kinachomziba ni nta tu.

Dukani, ambako risiti nyingi husema bidhaa ikishauzwa hairejeshwi, mnunuzi aombe visikizi viunganishwe na runinga inayoonyesha mtangazaji akisoma habari. Atazame midomo kwenye sauti za m, b na p, ambazo hazitamkiki bila midomo kukutana. Ikifunguka kabla ya sauti kufika, alipe nauli ya kwenda duka jingine.