Jinsi Gesi Ilivyopewa Harufu

Gesi inayotoka ardhini pamoja na mafuta haina rangi, na kwa kawaida haina harufu. Ile harufu kali anayoijua kila mpishi ambaye mtungi wake umepata kuvuja si ya gesi yenyewe, bali imetiwa na watu kwa makusudi. Desturi hiyo ilienea baada ya msiba mkubwa uliowapata watoto wa shule.

Katika mwaka wa 1930 mafuta mengi yaligunduliwa mashariki ya jimbo la Texas, nchini Marekani. Vijiji vya huko vilitajirika kwa ghafula, na kimojawapo, New London, kikajenga shule kubwa ya fahari. Wakati wa baridi vyumba vyake vilitiwa joto kwa gesi iliyonunuliwa. Mapema mwaka wa 1937 wakuu wa shule walitaka kupunguza gharama, wakaamuru shule iunganishwe na bomba lililopitisha masalio ya gesi ya kiwanda cha petroli kilichokuwa jirani. Masalio hayo hayakuwa na thamani sokoni. Aghalabu yaliteketezwa tu, na watu wengi wa mahali pale waliyatumia bila malipo.

Bomba likavuja chini ya jengo, na gesi ikajikusanya kimya kimya katika uwazi uliokuwa chini ya sakafu. Inasimuliwa kwamba wanafunzi walilalamika kuumwa na kichwa, lakini hapakuwa na aliyeshuku sababu. Alasiri ya tarehe 18 Machi, 1937, muda mfupi kabla ya kengele ya mwisho, mwalimu wa ufundi aliwasha mashine ya umeme ya kusugulia mbao. Cheche moja ikatosha. Kuta zilifura, paa likainuka, kisha jengo likawaangukia waliokuwamo. Wafanyakazi wa visima vya mafuta, ambao wengi wao watoto wao walisoma pale, walikuja mbio na vyombo vyao vya kazi, wakafukua kifusi usiku kucha. Watu karibu 300 walikufa, wengi wao wakiwa wanafunzi.

Neno moja lilidhihirika kwa wote: kama gesi ile ingalikuwa na harufu, hatari ingalijulikana mapema. Baada ya majuma machache baraza la Texas lilitunga sheria kwamba gesi itiwe kitu chenye kunuka, na majimbo mengine yakafuata. Dawa iliyotumika ina salfa ndani yake. Hunuka kama kabichi iliyooza, na kiasi kidogo sana hutosha. Gesi hiyo ikifika sehemu 5 hivi katika sehemu 100 za hewa huweza kulipuka. Kwa hiyo sheria za Marekani zinataka harufu isikike ingali sehemu 1 tu. Tena, mafundi wa California waliona kwamba ndege walao mizoga walizunguka juu ya mabomba yaliyovuja, wakidhani pana nyama iliyooza; hivyo ndege wale wakawa wasaidizi wa kutafuta matundu.

Siku hizi wakaguzi wanavyo vyombo bora zaidi. Hulinganisha kiasi kinachoingia upande mmoja wa bomba na kinachotoka upande wa pili, na wana kamera zinazoonyesha gesi ambayo jicho haliwezi kuiona. Hata hivyo, ishara haimwokoi asiyeitii. Tarehe 12 Septemba, 2011, katika mtaa wa Sinai, Nairobi, petroli ilivuja ikafuata mfereji hadi kwenye makazi ya watu. Harufu yake ilijulikana na kila mtu. Lakini umaskini ni mshawishi mkubwa, na wengi walikuja na ndoo na madumu kuchota. Moto ulipowaka, watu zaidi ya 100 waliangamia.

Kule New London watoto walikufa kwa kukosa onyo. Hapa Sinai onyo lilikuwapo, lakini halikuweza kushindana na dhiki. Basi wajibu ni wa pande mbili: wenye mabomba wayakague na kuziba ufa ungali mdogo, na wasiwaache watu wakajenga juu yake, nasi tuisikiapo harufu ile, tusiwashe kiberiti wala kugusa swichi ya taa, bali tufungue madirisha, tutoke, na kuwaonya majirani. Harufu hiyo ilinunuliwa kwa thamani kubwa mno.