Nishati jadidifu na maji ya ndiva za Upare

MSAFIRI apitaye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Arusha huuona mji wa Same ukiwa mkavu na wenye jua kali, ilhali Milima ya Upare iliyo kando yake imevikwa misitu na ukungu. Katika mandhari hayo mamoja vimo karibu vyanzo vyote vikuu vya nishati jadidifu, yaani nishati itokanayo na vitu ambavyo asili huvirudisha: jua, upepo, maji yatiririkayo na mimea. Joto la ardhini nalo huhesabiwa humo. Mafuta na makaa ya mawe hayamo, kwa kuwa yalichukua mamilioni ya miaka kufanyika.

Chanzo kinachotumika zaidi kuzalisha umeme ni maji. Nguvu yake hutegemea wingi wa maji na kimo cha maporomoko. Lita 10 kwa sekunde zikishuka mita 20 hubeba takribani kilowati 2. Mtambo mdogo huweza kutoa nusu yake, kiasi cha kuwasha taa za nyumba kadhaa. Bwawa la Nyumba ya Mungu, katika bonde la mto Pangani magharibi mwa milima hiyo, lina uwezo wa megawati 8. Maji hayohayo huteremka kuzungusha mitambo ya Hale na New Pangani Falls, mkoani Tanga.

Lakini maji ya Upare yana wenyewe. Kwa vizazi vingi Wapare wamejenga ndiva, mabwawa madogo ambayo hufungwa usiku yakajaa, kisha hufunguliwa mchana ili wakulima wamwagilie kwa zamu. Hapo ndipo penye utata. Mtambo ukiwekwa chini ya ndiva, usiku hukosa maji, na usiku ndipo watu wanapohitaji taa. Ukiwekwa juu yake, maji huuzungusha usiku kucha na kuingia ndivani bila kupungua, maana mtambo hauyanywi. Hivyo kabla ya kununua mashine, ni vyema fundi akaketi na wazee wa mfereji.

Jua halina mgogoro wa namna hiyo. Paneli ya wati 100 ikipata saa tano za jua kamili huzalisha nusu uniti ya umeme, kabla ya upotevu wa betri na nyaya. Upepo ni mgumu kutabirika, ingawa kasi yake ikiongezeka maradufu nguvu huongezeka mara nane. Ndiyo sababu hupimwa kwanza, kama ilivyofanyika Mgagao, mkoani Kilimanjaro.

Kuni na mkaa, vinavyopikiwa na kaya nyingi nchini, ni jadidifu kwa sharti moja: ukataji usiizidi kasi ya miti kuota. Kwa Same sharti hilo ni zito. Msitu wa Chome, unaozunguka kilele cha Shengena chenye urefu wa zaidi ya mita 2,400, hunasa mvua na ukungu na kulisha vijito vinavyoteremka kwenye mashamba. Mti ukatwao huko kwa ajili ya jiko hupunguza pia maji ya ndiva, na ya mtambo wowote utakaofungwa juu yake.